Chongqing, mji ambao ramani ya simu haitoshi

Aliyeniambia kwamba ukiwa na ramani ya simu Chongqing, kule China, umemaliza, nina hakika hajawahi kuukanyaga mji ule. Ramani inajua mashariki na magharibi. Juu na chini haijui, na Chongqing yote ni juu na chini: majengo yamepandiana milimani, pale mto Jialing unapoingia Yangtze.

Usiku wa kwanza natafuta nyumba ya wageni, simu ikasema nimefika. Kulia ukuta wa mawe. Kushoto vyuma vya kuzuia watu wasianguke, na chini yake mapaa ya nyumba na barabara nyingine, magari yanapita. Nikashuka ngazi na begi langu, joto la Agosti limenishika koo. Simu ikasisitiza: umefika! Nikapanda tena. Mama mmoja muuza matunda akaliangalia jina nililoandikiwa kwa Kichina, akanishika mkono, akaniingiza kwenye jengo la maduka, akabonyeza lifti ghorofa ya 9. Mlango ulipofunguka, tuko barabarani. Barabara kabisa, na basi linapita! Nyumba ya wageni iko ng'ambo.

Tangu hapo kila niendako nauliza kwanza natokea ghorofa ya ngapi, na sijapotea tena. Hongyadong, kwa mfano, lile jengo la maduka na mikahawa lililoegemea mlima, ghorofa ya 1 iko kando ya mto na ya 11 inatokea mtaa wa juu. Wenzangu walikuwa wanahema ngazini, mimi nimepanda lifti, nawasubiri juu nimeshapoa.

Liziba, ambako treni ya Laini ya 2 inapita katikati ya jengo la watu, usikae dirishani ukidhani utaona kitu. Shuka stesheni, teremka hadi barabarani chini, ndipo uitazame ikiingia ukutani. Na gari la kamba la kuvuka Yangtze, lipo tangu 1987, pandia upande wa kusini. Foleni ya katikati ya mji inakula nusu siku. Nililipa kama yuan 20 hivi.

Chakula: chungu chao cha pilipili, mchuzi unaochemka mezani ukijipikia nyama humo, kina punje zinazotia ganzi ulimi, basi agiza kilichogawanywa, upande mmoja mchuzi mpole, na uchovye nyama kwenye mafuta ya ufuta na kitunguu saumu. Sisi tusiokula nguruwe tuna maduka ya tambi za Lanzhou, yameandikwa halali mlangoni. Bakuli moja linashibisha hadi jioni.