Lenzi za macho kwa mtoto wa miaka 9: sisi tulivyofanya

Namba ya miwani ya binti yetu ilikuwa haitulii. Miwani haijachakaa, tayari ameanza tena kukunja uso akitazama ubao. Alipotimiza miaka 9 alikuwa amefika hasi 2.75, na hapo ndipo daktari wa macho alipotueleza kitu ambacho hatukuwahi kuambiwa kwenye maduka ya miwani: jicho lenyewe linarefuka. Jicho la mtoto asiyeona mbali hurefuka kuelekea nyuma kupita kiasi, picha ikaangukia mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya juu yake. Miwani ya kawaida huirudisha picha mahali pake, ila hailiambii jicho liache kurefuka. Kuvaa vioo vinene si jambo la kuninyima usingizi. Kilichonishtua ni yale ya ukubwani: namba ikivuka hasi 6, hatari ya retina kubanduka, ya glakoma (presha ya macho) na ya kuharibika kwa kitovu cha retina huongezeka sana.

Tuliwekewa mezani njia kadhaa za kupunguza mwendo huo wa kurefuka. Kuna miwani maalumu yenye vilenzi vidogovidogo ndani ya kioo, kuna matone ya atropini yaliyopunguzwa nguvu, kuna lenzi ngumu za kuwekwa jichoni na kulala nazo, ambazo hubadilisha umbo la konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) usiku na kuvuliwa asubuhi, na kuna lenzi laini za mchana, za kuvaa mara moja na kutupa. Tukachukua hizi za mwisho. Binti yetu ni mtu wa kukimbia na kuruka, miwani puani kwake ilikuwa ugomvi. Pia lenzi ya kutupa haihitaji kuoshwa wala kulazwa kwenye kikasha, na kikasha kichafu ni mlango mkubwa wa vijidudu.

Hizi si lenzi laini zilezile wanazovaa watu wazima. Sehemu ya katikati humfanya aone mbali. Kuizunguka kuna pete zinazoangusha sehemu ya mwanga mbele ya retina, na jicho huipokea hiyo kama ishara ya kupunguza mwendo wa kurefuka. Aina moja, MiSight, iliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Kwenye jaribio lake la miaka 3, namba za watoto walioivaa zilipanda kwa asilimia 59 pungufu ya wenzao waliovaa lenzi za kawaida. Kwa hiyo mtu akikupa lenzi laini ya kawaida na kudai itazuia namba ya mtoto, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Bibi yake alikuja juu. "Mtoto hata kamba za viatu anafungiwa, leo mnampa plastiki ajitie jichoni?" Swali lake lilikuwa na maana, na kliniki ilikuwa na jibu: mtoto haondoki na lenzi mpaka azivae na kuzivua mwenyewe mbele ya mtaalamu. Si mzazi amvalishe. Nakubaliana nao kabisa, kwa sababu jicho likiwasha akiwa shuleni mimi sipo.

Kuvaa ndiko kulikotuchosha. Mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi; kidole kikiwa na maji, lenzi inang'ang'ania kidole na kulikataa jicho. Unaiweka kwenye ncha ya kidole cha shahada na kuitazama kwa ubavu: kingo zikisimama kama bakuli, iko sawa, zikilala kwa nje, imegeuka. Kidole cha kati kinashusha kope la chini, mkono wa pili unashika kope la juu pale pale kwenye mizizi ya nywele zake. Hapo ndipo alipokuwa akikosea. Alishika kope katikati, akipepesa tu linamponyoka na lenzi inaishia shavuni. "Baba, imeanguka tena." Iliyoanguka hairudi jichoni, tunafungua nyingine. Mtaalamu alimwambia aache kuikodolea macho lenzi inapokuja, ajitazame jicho la pili kwenye kioo. Ikaingia. Kuvua alijifunza haraka: tazama juu, iteleze lenzi mpaka kwenye weupe wa jicho, ibane kwa nyama ya vidole, kucha zisiguse. Daima huanza na jicho la kulia, zisichanganyike.

Siku za mwanzo alilalamika kwamba herufi zina vivuli. Ni zile pete, na ubongo huzizoea. Alitakiwa afike angalau saa 10 za kuvaa kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa hiyo lenzi za kuvaa sherehe kwa sherehe hazina faida hapa. Miwani yenye namba ya sasa bado ipo kwenye begi lake.

Kuna mambo ambayo hatujadiliani naye: maji hayagusi lenzi, iwe ya bomba, ya bwawa au mate. Halali nazo. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikimbia mwanga, lenzi inatoka na siku hiyohiyo tunaonana na daktari, hata kama wekundu umepungua.

Siku hizi kwenye vipimo siulizi namba kwanza, nauliza milimita. Kuna mashine inayopima urefu wa jicho kwa mwanga bila kuligusa, na hiyo ndiyo inayosema kama lenzi inafanya kazi. Jicho la mtoto hukua hata likiwa zima, kwa hiyo hatutarajii sifuri. Mstari wake ulikuwa unapanda kwa kasi. Sasa unapanda taratibu, karibu na ule wa watoto wa umri wake.

Mdogo wake ana miaka 6 na bado anaona vizuri, ila mama yao na mimi sote tunavaa miwani, hivyo naye ameingizwa kwenye vipimo. Kwake dawa kwa sasa ni kucheza nje mchana, tukilenga jumla ya saa 2 kila siku, na dada yake anatolewa naye.