Vitu vipya na vya kale

Masomo: Mathayo 13:52, Yohana 19:38 hadi 20:9

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Katika sura ya 13 ya Mathayo, Bwana anatoa mifano ya mpanzi, magugu, punje ya haradali, chachu, hazina, lulu na juya. Akishamaliza anawauliza wanafunzi kama wameelewa, nao wanaitika ndiyo. (Sijui kama walielewa kweli, ila waliitika.) Hapo ndipo anaposema kwamba kila mwandishi mwenye elimu ya ufalme wa mbinguni amefanana na mtu mwenye nyumba "atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale". Wahubiri wengi huupita mstari huu mbio kwa sababu juya limekwisha kuvutwa na watu wanataka kwenda nyumbani.

Leo nauchukua kama ulivyo. Yupo mtu, ana nyumba, na anatoa vitu ndani. Jumapili ijayo ni ya Matawi, na katika nyumba zetu swali limeshaanza: Pasaka hii tupambe vipi, na kwa pesa gani?

Jibu la haraka ni kushuka sokoni Darajani, hapa Unguja, kununua maua ya plastiki na vile vikamba vinavyometameta. Sina ugomvi na wauzaji, nao wana watoto. Lakini kabla hujatoka, hebu chungulia mvunguni na juu ya kabati. Lipo sinia la shaba la bibi, limebonyea upande mmoja. Ipo kandili isiyowashwa tangu umeme uingie, zipo sahani za kaure zilizomeguka ukingo, upo mrashi wa marashi uliopoteza mng'ao. Wengine mna hata sanduku la misumari ya shaba, lile la zamani la safari za majahazi. Vitu hivi tunaona haya kuviweka barazani. Wageni wanavinunua kwenye maduka ya mtaa wa Gizenga kwa bei ya kutisha, sisi tunavifunika kwa gunia.

Nasema vitolewe, na sababu yangu si urembo tu wala kubana matumizi. Sababu iko kwenye somo la Yohana.

Angalia kaburini mlikuwa na nini. Nikodemo alileta manemane na udi, yapata ratli mia. Udi! Vitu hivyo vilikuwa vya maziko. Mwili ukafungwa vitambaa vya kitani pamoja na manukato, kama ilivyokuwa desturi yao ya kuzika. Wale akina mama nao, anavyosimulia Marko, walinunua manukato yao ili waende kumpaka. Asubuhi ya kwanza ya juma kila kitu kipo isipokuwa maiti. Sanda imelala pale. Leso ya kichwani imekunjwa, imewekwa peke yake. Injili haituambii wale wanawake waliyafanyia nini manukato yao baada ya pale, na mimi huwa nawaza sana jambo hilo, kwa sababu mwanamke hatupi manukato aliyoyanunua kwa pesa yake.

Kwa hiyo nashauri bakuli la karafuu, vijiti vya mdalasini na iliki kiasi liwekwe katikati ya meza ya Pasaka. Mtoto akiuliza ni la nini, mwambie ni manukato yaliyokwenda kumpaka maiti yakamkosa. Kisiwa chetu kimejaa viungo hivi, wala huhitaji kwenda mbali. Ndugu wa Pemba ndio kabisa, karafuu mnazianika mlangoni.

Nguo ya meza ina mjadala wake. Rangi ya Pasaka ni nyeupe, na kitambaa cheupe cha bei nafuu ni bafta. Dada mmoja katika jumuiya yetu aliwahi kuitandika, mama mkwe wake akagoma kukaa mezani: "Mwanangu, hii ndiyo inayozikiwa watu." Kweli ndiyo hiyo. Visiwani hapa kila mtu anajua bafta inaishia wapi. Lakini mbona Petro na yule mwanafunzi mwingine waliinama, wakaona sanda, na Yohana anaandika kwamba yule mwingine "akaona na kuamini"? Mimi ningeitandika, nikaidarizi pembe zake kwa uzi wa rangi, na siku hiyo nikawasomea watu sura ya 20 kabla ya pilau. Mama mkwe akiendelea kukataa, mtandikie kanga. Tusigombane na wazee kwa ajili ya kitambaa.

Jambo lenyewe ninalotaka kusema ni hili. Mungu hakumpa Mwanawe mwili mwingine na kuutupa ule uliosulubiwa. Mwili uliotoka kaburini ni uleule, umegeuzwa, na makovu yapo. Tomaso aliambiwa alete kidole chake. Mfufuka hakuona haya kuonyesha palipopigwa misumari. Sinia lililobonyea basi lina haki ya kukaa kwenye meza ya sikukuu hii kuliko lile jipya.

Sisi wa Unguja tuna ushahidi wa mawe kabisa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza. Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa, palepale. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetusaidia kupata Maandiko kwa Kiswahili, alisimamia ujenzi kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe. Altare inasimama pale ambapo, kwa masimulizi tuliyopokea, palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Kuna na msalaba mdogo uliochongwa kwa mbao za mti wa kule Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa. Hata zile nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini, inasemekana mafundi walizipandisha Askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha.

Wangeweza kutafuta uwanja safi. Walichagua ule wenye damu. Pasaka tunapokomunika pale, tunapiga magoti juu ya ardhi iliyosikia bei za watu. Ndiyo maana naomba tuwe na adabu na vitu vya kale: lile sanduku la misumari ya shaba huenda lilibeba hariri, huenda lilibeba fedha ya biashara ile. Litoe, lifute vumbi, na uwaambie watoto yote mawili. Pingu na minyororo, hata ukiikuta inauzwa, usiitundike ukutani. Hiyo si pambo.

Nikirudi kwenye kazi za mikono, Kutoka 31 inasema Mungu alimjaza Bezaleli roho yake kwa ajili ya ufundi. Hakuwa kuhani wala nabii, alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na miti. Kwa hiyo msidharau mtoto anayekaa chini kusuka msalaba wa ukuti. Mnazi hautuishii hapa, na ukuti mchanga ukikatwa asubuhi unakunjika bila kuvunjika. Ukili, yaani utepe wa miyaa iliyosukwa, nao unafaa: shona duara dogo la kuwekea mshumaa, au zungusha kwenye chupa tupu iwe ya maua. Kama hujui kusuka, nunua kwa mama jirani anayejua, na tafadhali usipunguze bei. Umeona mwenyewe miyaa inavyoanikwa, inavyochanwa, inavyochemshwa na rangi, halafu vidole vinavyofanya kazi mpaka usiku. Kwa maua, asumini na mkadi wa uani unatosha. Kikuba kimoja, yaani kishada cha maua hayo, mlangoni kinanukia nyumba nzima.

Mayai ya rangi si desturi ya kwetu, ila watoto wanayapenda. Yachemshe na manjano yatoke ya njano, au na maganda ya vitunguu yatoke mekundu ya kahawia, siki kijiko kimoja ili rangi ishike.

Na mshumaa. Kanisani mshumaa wa Pasaka hutiwa punje tano za ubani kwa mfano wa msalaba, ndizo jeraha tano za Bwana. Nyumbani tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa mshumaa mnene mweupe na ubani uleule wa chetezoni. Ile kandili ya bibi isiyotumika, ikisafishwa kioo, inamkinga mshumaa na upepo wa masika.

Ila msipambe leo. Tengenezeni leo, mtoe Jumamosi usiku. Bado tuko Kwaresima, na Ijumaa Kuu altare yetu itakuwa tupu kabisa; nyumba isiwe na maua wakati kanisa halina. Kinyume chake, Jumanne ya Pasaka msivue kila kitu kama waliomaliza harusi, maana sikukuu ni siku 50, mpaka Pentekoste.

Kuhusu majirani: mwaka 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, tukapeleka sahani zetu wakati wa kufuturu, na mnajua chombo hakirudi kitupu. Safari hii pia tumieni zile sahani za kaure za kale kuwapelekea. Zikirudi na ufa mpya, ziwekeni mezani hivyohivyo mwakani.

Kwa wiki hii someni Yohana 19:38 hadi 20:29, familia nzima, kidogo kidogo. Matawi mtakayopewa Jumapili msiyatupe, yatahitajika kwa Majivu ya mwakani. Bafta ninayo ya kutosha nyumba tatu au nne, anayetaka anitumie ujumbe kabla ya Alhamisi Kuu, na mwenye mashine ya kushonea asijifiche.