Mpilipili wangu umegoma kufa

"Mama Shiru, huo si umezeeka? Ng'oa, upande mwingine."

Jirani kaniambia hivyo leo asubuhi, akiuangalia mpilipili kichaa wangu kwenye ndoo ya rangi, hapa Kayole, Nairobi. Kweli ulikuwa hautazamiki. Baridi ya Julai iliupukutisha majani, nami nikaukata ukabaki vijiti.

Wengi hudhani pilipili ni ya msimu mmoja, ukivuna unang'oa. Kumbe huishi miaka! Kwenye nchi za baridi kali jalidi (umande ulioganda) ndiyo huiua, na hapa jijini hatuna hiyo. Wangu niliupanda kabla Shiru hajaanza shule.

Nikamwambia jirani ainame.

Shina limekuwa mti kabisa. Gamba la kijivu, limepasukapasuka, ukucha hauingii. Na papo hapo kwenye gamba, vichipukizi vya kijani, vidogo kuliko punje ya mchele, vinang'aa.

Akanyamaza. Kisha akauliza kama nina mbegu 😂

Samadi nimeshaongeza. Vidukari wakija nitawaosha kwa maji ya sabuni.

Haya, wenye mipilipili mikongwe: wenu una umri gani? Na mkikata, mnaacha shina refu kiasi gani?