Sindano ya seli shina kwa ajili ya magoti: niliyoyaona India na yanayosemwa na tafiti

Tangu nilipomsindikiza mama yangu mkubwa kwenda India kutibiwa magoti, ndugu, majirani na hata watu nisiowafahamu vizuri wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza jambo lile lile: je, ile sindano ya seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) inafaa, na je, mtu anaweza kuuza kiwanja chake ili akaipate? Nimekuwa nikijibu kwa simu, nusu nusu, huku foleni ikisogea au mtoto akilia. Leo nimeona niandike kwa utulivu, kwa sababu swali hili linahusu fedha za ukoo mzima na mwili wa mzee mmoja, na majibu ya haraka hayatoshi.

Mama mkubwa aliuza vitenge Kariakoo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akisimama kutwa nzima na kupanda ngazi za stoo akiwa na marobota. Magoti yalianza kumuuma kwenye ngazi, yakafuatia maumivu ya kuchuchumaa chooni, mwishowe akawa anaamka usiku kwa kuumwa ingawa amelala tu kitandani. Lakini kilichomsononesha kuliko maumivu yenyewe ni kuswali akiwa ameketi kwenye kiti. Aliniambia, “Mwanangu, mimi sitaki kukimbia. Nataka kusujudu tu, paji langu la uso liguse mkeka.” Daktari bingwa wa mifupa hapa Dar es Salaam alimtazama, akampiga picha ya eksirei, akamwambia wazi kuwa gegedu limelika na kwamba njia iliyobaki ni kuwekewa goti la bandia. Mama mkubwa anaogopa kisu. Basi ilipoingia kwenye kundi la familia la WhatsApp video ya mzee mmoja aliyekuwa akipanda ngazi baada ya “kuchomwa seli”, michango ilianza kukusanywa jioni hiyo hiyo.

Ugonjwa wenyewe ni wa watu wengi mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na tatizo hili la viungo kusagika, na goti ndicho kiungo kinachoathirika zaidi kuliko vyote. Mitaani husemwa kuwa mafuta ya goti yamekauka, lakini kinachopotea hasa ni gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kwenye ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutojiponya kwake: ngozi ikichanika damu huleta kila kinachohitajika kuiziba, ila gegedu likishalika halina njia ya kupata msaada huo. Baadaye mfupa ulio chini yake huanza kubeba mzigo usio wake, huota vipembe pembeni, nao utando wa ndani wa goti huvimba na kuuma.

Hapo ndipo seli shina zinapoonekana kuwa jibu, na mtu anayeziamini hajatoka patupu. Seli shina za damu ni tiba ya kweli iliyothibitishwa kwa miongo mingi, na sasa inapatikana hapa nchini: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imewapandikiza watoto wenye selimundu kuanzia 2023. Lakini kuna tofauti ambayo madalali wa matibabu hawaielezi. Seli zinazopandikizwa kwa mtoto mwenye selimundu huhamia ndani ya mifupa yake, huishi humo na kutengeneza damu mpya. Seli zinazochomwa kwenye goti ni za aina nyingine, na haijathibitishwa kwamba hukaa humo na kugeuka kuwa gegedu jipya. Nyingi hutoweka baada ya muda mfupi. Kazi yake, kadiri inavyoeleweka, ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe, na Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyezipatia umaarufu tangu 1991, ndiye aliyekuja kuandika mwaka 2017 kwamba tuache kuzichukulia kuwa zinaingia na kujenga nyama mpya mwilini.

Kutuliza uvimbe si jambo dogo kwa mtu asiyelala usiku. Swali ni je, zinatuliza kuliko dawa za bei nafuu? Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 470 wenye magoti yaliyosagika. Baadhi walichomwa mchanganyiko wa uloto wao wenyewe, baadhi seli kutoka kwenye mafuta ya mwili wao, baadhi seli za kitovu cha mtoto mchanga, na waliobaki walichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo hospitali nyingi za mikoa hapa kwetu zinaweza kuitoa. Baada ya mwaka mmoja hakuna kundi la seli lililoishinda steroidi kwa kupunguza maumivu, na picha za MRI hazikuonyesha gegedu kuota upya. Steroidi yenyewe, nikumbushe, si tiba ya kudumu, kwa sababu utafiti mwingine wa 2017 ulionyesha kuwa ikichomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili gegedu hupungua zaidi, wala maumivu hayapungui kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi. Kushindwa kuipita dawa ya namna hiyo ni jambo la kutafakari. Mwaka 2025 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio yaliyokuwepo wakasema kwamba sindano hizi huenda zikapunguza maumivu kidogo na kuboresha kutembea kidogo ndani ya miezi sita, na wakaongeza kuwa ushahidi wenyewe bado ni dhaifu.

Neno “kidogo” halikuwamo kwenye video ile.

Tulifika India kwa viza ya matibabu, yeye kama mgonjwa na mimi kama msindikizaji. Kliniki tuliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilikuwa imekwisha kumkubali kwa mazungumzo ya simu kabla ya kuiona hata eksirei moja. Jambo hilo lilinikosesha amani tangu mwanzo, na niliwaambia wajomba zangu hivyo, lakini tiketi zilikuwa zimeshalipwa na mgonjwa mwenyewe alikuwa ameamua. Heshima yangu kwa uamuzi wake ilikuwa kwenda naye na kuuliza maswali.

Swali la kwanza lilihusu sheria. Miongozo ya kitaifa ya India ya mwaka 2017 hairuhusu seli shina zitumike kama tiba ya kawaida nje ya utafiti ulioidhinishwa, isipokuwa kwa magonjwa ya damu. Baadaye, mwaka 2022, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha bidhaa moja ya magoti, Stempeucel ya kampuni ya Stempeutics ya Bengaluru, inayotokana na uloto wa wachangiaji wenye afya. Idhini hiyo ina mipaka: ni ya wagonjwa wa daraja la pili na la tatu katika kipimo cha madaktari kinachoanzia sifuri hadi nne. Goti la daraja la nne ni lile ambalo nafasi kati ya mifupa imepungua mno au imekwisha kabisa. Korea Kusini nayo iliidhinisha bidhaa ya seli shina iitwayo Cartistem mwaka 2012, lakini hiyo hupachikwa kwa upasuaji kwenye shimo la gegedu. Mtu hachomwi akaenda zake hotelini.

Nilimuuliza mratibu wa kliniki kama mama mkubwa angepewa ile bidhaa iliyoidhinishwa. Hapana, alisema, wao hutumia uloto wa mgonjwa mwenyewe. Nilimuuliza magoti yake ni daraja la ngapi. Akaniambia nisijali, seli zinajua pa kwenda. Nilimwomba daktari anijibu yeye, naye, baada ya kuiangalia eksirei aliyopigwa akiwa amesimama, alikiri kuwa goti la kulia ni daraja la nne na la kushoto linakaribia. Mama mkubwa alisikia yote hayo kwa tafsiri yangu. Alikaa kimya kidogo, akasema tumekuja mbali, achomwe.

Walimlaza kifudifudi. Daktari alipapasa kwa kidole gumba ule mfupa wa nyonga ulio juu ya makalio, akachoma ganzi, kisha akazungusha sindano nene ndani ya mfupa kwa mkono, taratibu, kama mtu anayetoboa nazi. Mama mkubwa hakulia, ila aliishika kanzu yangu akaikunja mkononi wakati uloto unavutwa, kwa kuwa ganzi haifiki ndani ya mfupa na mvuto ule huuma kwa namna yake. Kilichotoka kilionekana kama damu nzito tu. Kilitiwa kwenye mashine ya kuzungusha, kikarudi katika bomba dogo, kikagawanywa kwa magoti mawili. Seli shina za kweli katika mchanganyiko huo ni chache mno, sehemu ndogo isiyofika hata moja kwa mia ya seli zote.

Alipata nafuu, na lazima niiseme bila kuipunguza. Ramadhani ilipoingia aliweza kutembea hadi msikitini kwa tarawehe bila kushikwa mkono, na kwa wiki kadhaa alilala usiku kucha. Nyumbani ilikuwa furaha kubwa. Kabla ya Idi Kubwa maumivu yalikuwa yamerudi, goti la kulia kwanza. Kusujudu hakukurudi hata siku moja, kwa kuwa goti lenye vipembe vya mfupa halikunjiki kwa sindano. Eksirei mpya haikuonyesha nafasi yoyote iliyoongezeka.

Nafuu ya namna hii ndiyo inayofanya biashara hii iwe ngumu kuijadili. Maumivu ya viungo yana kawaida ya kupanda na kushuka, na mtu husafiri yanapokuwa yamepanda kabisa, hivyo hata asipofanyiwa lolote kuna uwezekano mkubwa yatashuka kiasi. Sindano yoyote ya goti, hata ya maji ya chumvi, hupunguza maumivu kwa wengi, na kadiri mtu alivyosafiri mbali na kulipa zaidi ndivyo anavyoitazamia zaidi. Mgonjwa anayesema amepona hasemi uongo. Lakini ushuhuda wake wa mwezi wa pili huwekwa kwenye video, na hakuna anayerudi kumrekodi mwezi wa tisa.

Kuhusu bei, watafiti waliopigia simu kliniki za Marekani waliona kuwa wastani wa sindano ya goti moja ulikuwa zaidi ya dola 5,000, na zile zilizokubali kutaja mafanikio zilidai wastani wa asilimia 82. India ni nafuu kuliko hapo, ila ongeza nauli za watu wawili, malazi, chakula na duka lililofungwa.

Kuhusu hatari, uloto wa mtu mwenyewe, ukichukuliwa kwa usafi, una hatari ndogo. Ninaogopa zaidi vichupa vya seli za kitovu vinavyosafirishwa. Mwaka 2018 wagonjwa 12 katika majimbo matatu ya Marekani walilazwa kwa maambukizi baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kitovu iliyokuwa na bakteria wa tumboni, wengi wa wagonjwa hao kwenye viungo au mgongo. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti wagonjwa waliotoka kwenye kliniki za Meksiko wakiwa na Mycobacterium abscessus, bakteria sugu anayehitaji miezi ya dawa kadhaa kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa amekwenda kwa ajili ya magoti kama mama mkubwa. Goti lililoingiwa na bakteria hao ni gumu kuwekewa bandia baadaye.

Goti la kulia la mama mkubwa hatimaye lilibadilishwa hapa hapa Dar es Salaam. Upasuaji huu umekuwa ukifanyika Muhimbili, kwenye taasisi ya mifupa ya MOI, kwa miaka mingi, na sioni sababu ya kuuogopa kuliko safari ya ndege. Kabla ya upasuaji mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha kuimarisha misuli ya paja akiwa ameketi kwenye kitanda, na alipunguza uzito, jambo ambalo alikuwa ameambiwa zamani akalipuuza kwa sababu halina dalali wala video. Kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Leo anakwenda sokoni mwenyewe na kulala vizuri. Bado anaswali kwenye kiti, kwa kuwa goti la bandia nalo lina mipaka yake, na amelipokea hilo kwa subira kuliko sisi watoto wake.

Kwa anayejiandaa kusafiri licha ya haya yote, simzuii. Mwili ni wake. Apige kwanza eksirei akiwa amesimama na aulize daraja la goti lake hapa nyumbani, ambako hakuna anayepata kamisheni kwa jibu hilo. Aulize kwa maandishi seli zinatoka wapi, na kama bidhaa imeidhinishwa na mamlaka ya nchi ile kwa ugonjwa wake na kwa daraja lake. Akiambiwa ni utafiti, aulize namba ya usajili wake, na aulize kwa nini anatozwa fedha nyingi ili awe mtu wa kufanyiwa majaribio. Na asiondoke kliniki bila karatasi inayotaja kilichochomwa, kiasi, tarehe na namba ya toleo la kichupa. Sisi tulilazimika kuidai hadi tukiwa tumeshapakia mizigo kwenye teksi, na tulipewa ukurasa mmoja usio na sahihi, ambao daktari wa hapa alipouona aliurudisha mezani akaanza kumuuliza mama mkubwa upya, tangu mwanzo, amechomwa nini.