Nilikuwa nacheka kabla ya watazamaji wa studio

Mpango wa leo ulikuwa mwepesi: sehemu zote sita za msimu wa kwanza wa Fawlty Towers (1975), kichekesho cha TV cha Uingereza kuhusu Basil, mwenye hoteli mkorofi, kila moja ipate alama na aya mbili za uhakiki, kisha kesho niingie msimu wa pili wa 1979 nifunge jalada. Kipindi chote, walichokiandika John Cleese na Connie Booth, ni sehemu 12 tu. Nimemaliza nne. Siku imeliwa na manukuu, yale maandishi ya mazungumzo chini ya kioo.

Mnaofuatilia mradi huu mnajua niliachana na nyota tano, maana nyota zangu zilipanda na kushuka kutegemea nimeshiba au nina njaa. Siku hizi naweka simu mezani inirekodi ninavyocheka, halafu nafungua rekodi hiyo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, pamoja na sauti ya kipindi. Mawimbi ya juu ni ya vicheko vya watazamaji wa studio, vinavyosikika ndani ya kipindi, ya chini ni yangu. Hapo siwezi kujidanganya.

A Touch of Class nimeipa 7. Basil anavyomnyenyekea tapeli kwa sababu tu kajiita lodi ni tamu, ila inachelewa kuchanganya. The Builders nikaipa 5, na hiyo 5 ikanikera. Nakumbuka mara ya kwanza kuiona niligaagaa sakafuni. Leo rekodi inaonyesha nacheka kama mtu anayepuliza chai.

Nikavuta mawimbi karibu. Kicheko changu kinatangulia. Mara tisa katika kumi nacheka mbele ya studio, kwa karibu sekunde nzima. Kwanza nikajisifu kwamba mimi mwepesi wa kunasa. Halafu nikaangalia umbo: wao wana mlima, mimi nina kichuguu. Sikuwa namcheka Basil. Nilikuwa nacheka maandishi.

Manukuu yanamwaga siri. Jicho linasoma upesi kuliko mdomo unavyosema, kwa hiyo mzaha ukifika masikioni umeshapoa.

Najua mtasema zima tu. Nimezima. Basil akipandwa na hasira anameza nusu ya maneno, na nusu niliyobaki nayo haichekeshi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kivivu. Kwenye VLC, programu ninayochezea video, kitufe cha H kinayachelewesha manukuu kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza. Nikabonyeza mara 16. Sasa mazungumzo yote ya kawaida yanakuja nyuma kama mwangwi, mtu kashafunga mlango ndipo unasoma anabisha hodi. Na siri bado zinamwagika! Hapo nilisimama nikatembea chumbani.

Kosa nililiona nilipofungua faili lenyewe. Kila kipande kina namba, saa ya kutokea na ya kutoweka, kisha mistari miwili. Mstari wa juu Sybil, mkewe Basil, anauliza, wa chini Basil anajibu. Mtego na pigo vimefungwa kitita kimoja, vinatua kwenye kioo kwa mkupuo. Uchelewe sekunde moja, uchelewe kumi, swali na jibu vitafika pamoja tu. Na kati ya mistari hiyo miwili, kwenye picha, kuna kimya. Basil anageuza shingo polepole. Kimya hicho ndicho kichekesho, na manukuu yamekiruka.

Basi dawa ni kupasua. Nimetumia Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, ambayo ni ya bure na inakuonyesha mawimbi ya sauti, unaona hasa neno linapoanzia. Aegisub, programu nyingine ya aina hiyo, ninayo pia, lakini kwa kazi hii ni kukata kucha kwa shoka. Nilichukua The Hotel Inspectors, nikapasua kila kipande chenye watu wawili, pigo nikalianzisha pale mdomo unapofunguka. Saa mbili na nusu kwa kipindi cha nusu saa. Macho yanawaka.

Nikarekodi upya. Yule muuza vijiko ambaye Basil amemdhania mkaguzi alipoanza tena madai yake, nilicheka pamoja na studio. Mlima juu, mlima chini, vimeanza karibu sehemu moja. Nimepiga picha ya kioo, naitunza. Alama: 9, japo najijua, moja kati ya hizo ni ya jasho langu.

Ili nisijipendelee, nikairuka The Wedding Party nikaenda Gourmet Night kwenye lile tukio la gari. Gari limekataa kuwaka, Basil analigombeza, analihesabia hadi tatu, anatoka nje ya picha. Tunabaki na gari peke yake. Anarudi na tawi la mti, analichapa. Hiyo sehemu nimeiangalia mara mbili, kwa manukuu ya asili na yaliyopasuliwa, na kicheko changu hakikubadilika hata chembe. Tawi halina manukuu.

Hapo ningeendelea na The Germans, nayo ndiyo iliyonileta kwenye mradi huu. Badala yake nikajiuliza: kama faili liko wazi mikononi, kwa nini nisiandike manukuu ya Kiswahili kabisa? Nikarukia The Kipper and the Corpse ya msimu wa pili, ambamo Basil anampelekea mgeni kifungua kinywa kitandani na kubwabwaja wee, asijue mwenziwe ameshakata roho. Kisha hofu yote inahamia kwa samaki waliopitiliza tarehe: je, ndio waliomuua?

Niliogopa ngeli zitaharibu utamu, maana Kiswahili kinakulazimisha kutaja kitu gani mapema mno. Kumbe samaki naye huenda na a-, sawasawa na mgeni. Ukiandika “amepoa”, hujui anayesemwa ni nani kati ya hao wawili mpaka kamera igeuke.

Dakika tatu za kwanza zimekwisha. The Wedding Party itasubiri.