Usimwamuru kijana alale, mpe daftari

"Zima taa, ulale!" Amri hii husikika karibu kila nyumba yenye mtoto wa sekondari, na mara nyingi haifui dafu. Taa inazimwa, kijana anajilaza, kisha anageukageuka ndani ya neti saa nzima bila kupata hata lepe la usingizi. Alfajiri anavutwa shuka mara tatu ndipo aamke. Mzazi anaona ukaidi, na kijana anaanza kuamini kwamba yeye ni mvivu. Inasikitisha, maana mara nyingi hakuna mkaidi wala mvivu hapo.

Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake huanza kuchelewa. Melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia, hutoka saa 1 hadi 2 baadaye kuliko ilivyokuwa utotoni. Tena, saa mbili hivi kabla ya muda aliozoea kulala, ubongo huwa macho kweli kweli. Kijana aliyezoea kulala saa 5 usiku, ukimlaza saa 3, umemlaza wakati mwili wake umechangamka. Hata hivyo mahitaji yake hayajapungua. Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku.

Hatuwezi kumlalia mtu usingizi wake. Tunachoweza ni kumpa kijana kipimo, halafu tumwache ajichunguze, ajaribu na aamue. Njia aliyoigundua mwenyewe ataifuata hata akiwa bwenini, mahali ambapo hakuna mama wa kumgongea mlango.

Kipimo hicho ni daftari la kawaida na kalamu, kwa siku 14. Siku 7 hazitoshi, kwa sababu zina wikiendi moja tu, na wikiendi ndiyo inayofichua mengi. Kila asubuhi, akishanawa uso, aandike mambo haya: alipanda kitandani saa ngapi, anakadiria alilala saa ngapi, aliamka usiku mara ngapi, aliamka saa ngapi asubuhi. Jioni aongeze: alilala mchana dakika ngapi, alikunywa nini chenye kafeini na saa ngapi, na siku yake ilikuwaje kwa alama 1 hadi 5. Inamchukua dakika mbili. Asitazame simu wala saa ya ukutani usiku ili apate muda kamili, kwa sababu kuchungulia saa kunaleta hesabu za "zimebaki saa nne" na hesabu hizo ndizo zinazomfukuzia usingizi. Makadirio yanatosha.

Wiki hizo mbili usibadilishe chochote, na wewe mzazi usilisome daftari bila ruhusa. Likigeuka ushahidi wa kumgombezea, ataanza kuandika uongo na kazi yote itakuwa bure.

Siku ya 15 mkae pamoja, yeye ashike kikokotoo. Agawanye muda aliolala kwa muda aliokaa kitandani, azidishe kwa 100. Tuseme anapanda kitandani saa 3 usiku, analala saa 4 na dakika 45, anaamka saa 11 na nusu alfajiri. Kitandani amekaa dakika 510, amelala dakika 405. Hiyo ni asilimia 79. Ikifika 85 au zaidi, usingizi wake uko sawa. Ikiwa chini ya hapo, kitanda kimekuwa mahali pa kukesha, na ubongo umeshajifunza hivyo: akigusa godoro tu, fikra zinaanza kukimbia.

Dawa yake huwashangaza wazazi: achelewe kupanda kitandani. Huyu wa mfano wetu apande saa 4 na robo. Sasa atakaa kitandani dakika 435 na, akilala zile zile 405, amefika asilimia 93. Akishazoea kulala ndani ya dakika 20 kwa usiku tano mfululizo, arudishe nyuma dakika 15, yaani saa 4 kamili. Akitulia tena, dakika 15 nyingine, mpaka afikie saa 8 zake. Muda wa kitandani usishuke chini ya saa 7 hata kwa majaribio, na mwenye kifafa asijaribu hatua hii kabisa bila daktari, kwa sababu kukosa usingizi huchochea degedege.

Sambamba na hilo kuna kanuni iliyowekwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, na bado inatumika kliniki. Kitanda ni cha kulala tu. Usingizi usipokuja kwa kama dakika 20, ainuke, akae kwenye kiti au mkeka penye mwanga hafifu, afanye jambo lisilosisimua, kisha arudi macho yakiwa mazito. Akikosa tena, ainuke tena. Usiku wa kwanza na wa pili utakuwa mgumu, na vijana wengi huachia hapo. Mwambie mapema kwamba ugumu huo ni wa kutarajiwa. Anayeishi chumba kimoja na wadogo zake hawezi kuzunguka usiku. Akae tu wima kitandani, mgongo ukutani, mto ameuweka pembeni. Hiyo nayo inasaidia.

Daftari linaweza kuonyesha tatizo jingine kabisa. Siku za shule anaamka saa 11, Jumamosi na Jumapili anaamka saa 4 asubuhi. Tofauti ya saa tano ni kama kuusafirisha mwili nchi ya mbali na kuurudisha kila wiki, na ndiyo sababu Jumapili usiku usingizi haumjii. Asinyimwe kulipa deni la usingizi, lakini asipitishe saa 1 hadi 2 juu ya muda wa kawaida. Linalobaki alilipe kwa kulala mchana, dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9 alasiri. Akirudi nyumbani saa 11 jioni na kulala mpaka magharibi, ameula usingizi wa usiku.

Mara nyingine jibu liko kwenye safu ya vinywaji. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na kafeini miligramu 80 hivi. Nusu ya kafeini hukaa mwilini takriban saa 5. Akinywa saa 11 jioni ili asome, saa 4 usiku bado ana kama miligramu 40, sawa na kujilaza huku amemaliza kikombe cha chai ya rangi. Kafeini haiongezi nguvu yoyote; inaziba tu vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kutwa nzima na kuleta usingizi. Ikiisha, uchovu wote unamrudia kwa mkupuo. Mirungi nayo inakesha na mtu, iwe imetafunwa kwa sherehe au kwa mtihani.

Kuhusu simu, mwanga wake una madhara, lakini kinachomkesheza zaidi ni yaliyomo: kundi la marafiki lisilolala, video inayofuatwa na nyingine. Na tuseme ukweli kuhusu bando za usiku wa manane. Zinauzwa kwa bei nafuu, na kijana asiye na hela anafanya hesabu sahihi kabisa anapokesha kupakua filamu. Ukimpokonya simu hujagusa sababu. Mnunulie kifurushi kidogo cha mchana wa Jumamosi apakue anachotaka, nunueni saa ya mezani yenye alamu, na simu zote za nyumba, ya baba ikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa aliyoipendekeza yeye. Simu ya baba ikibaki chumbani, mpango hautadumu wiki mbili.

Joto la pwani linastahili aya yake. Ili usingizi uingie, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo. Kuoga maji ya uvuguvugu saa 1 hadi 2 kabla ya kulala husaidia, kwa sababu damu huja karibu na ngozi na kutoa joto nje. Godoro la sponji huhifadhi joto, kwa hiyo wengine hutandika mkeka juu yake, kisha shuka jepesi la pamba. Khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikaanikwa mbele ya feni, inapoza zaidi pale ambapo hewa ni kavu. Penye unyevu mwingi kama Dar es Salaam mwezi Februari, afadhali kulowesha miguu na shingo. Neti isiondolewe kwa ajili ya joto. Tundu dogo lishonwe, na neti mpya yenye dawa ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, vinginevyo itamwasha na atakuwa na sababu ya kuitupa.

Sasa zile njia za kutuliza akili. Hapa vijana hutofautiana sana, na ndipo panapohitaji uvumilivu wa kujaribu moja moja, kila moja usiku saba. Akijaribu tatu kwa pamoja hatajua iliyofanya kazi.

Mwenye kichwa kilichojaa kazi za kesho, aandike kwa dakika 5 orodha ya mambo yote atakayofanya, kila kitu kwa jina lake: "hesabu ukurasa wa 42, maswali 3" badala ya "kusoma". Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor cha Marekani uliochapishwa 2018 uliona kwamba vijana walioandika kazi zijazo walilala haraka kuliko walioandika walizomaliza. Mwenye mwili uliokakamaa, labda kwa mpira au kwa hofu, akaze misuli ya miguu kwa sekunde 5, aachie kwa sekunde 15, apande hivyo hivyo mapajani, tumboni, mikononi, mabegani na usoni. Wengine hutulizwa na pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, dakika 10.

Kuna na mchezo wa herufi, unaowafaa sana wenye wasiwasi unaozunguka mahali pamoja. Achague neno, tuseme "bahari". Kwa b awaze bakuli, aone picha yake kwa sekunde chache. Kisha baiskeli, bundi, bembea. Maneno yakiisha, aende a: asali, andazi. Picha zisizohusiana hazimpi ubongo uzi wa kuvuta wasiwasi. Wengi hawafiki herufi ya tatu. Kwa mwingine ni tasbihi, rozari au kusoma sura anayoijua kwa moyo. Mwacheni achague.

Njia zote hizi hushindwa zikitumiwa kama amri ya kulala. Akijipima kila dakika kama usingizi umekuja, amejiamsha. Lengo la pumzi ni kupumzika tu. Usingizi uje ukitaka.

Wapo wanafunzi wa kutwa ambao daftari lao halina kosa, ila muda hautoshi. Anayeamka saa 10 na nusu alfajiri kuwahi daladala angelazimika kuwa amelala saa 2 na nusu usiku ili apate saa 8, na mwili wake haukubali. Hapa mzigo ni wetu wakubwa. Sare ipigwe pasi usiku, viatu ving'arishwe, begi lifungwe, aoge kabla ya kulala. Ukipata nusu saa hapo, kwa siku tano ni saa mbili na nusu za usingizi. Halafu wazazi mwende shuleni mkaulize ratiba. Kenya, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataja masomo ya shule za kutwa kuanza saa 2 asubuhi, lakini watoto wengi huwa darasani giza halijaisha. Jiji la Seattle, Marekani, lilisogeza kengele ya sekondari mwaka 2016 kutoka saa 1 na dakika 50 hadi saa 2 na dakika 45, na wanafunzi waliopimwa walipata wastani wa dakika 34 zaidi za usingizi. Hawakutumia muda ule kukesha, kama wengi walivyohofia.

Mwezi wa Ramadhani daftari lina sura yake. Baada ya tarawehe na daku usiku hukatika vipande viwili, kwa hiyo kailula, yaani kulala kidogo mchana, baada ya adhuhuri inakuwa sehemu halali ya hesabu. Ajumlishe vipande vyote.

Daktari aonwe kijana akikoroma na kukata pumzi, akisinzia darasani japo analala kwa muda wa saa 9, miguu ikimhangaisha usiku (huenda upungufu wa madini ya chuma ukahusika), au akikosa usingizi usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3. Akikuambia haoni sababu ya kuamka kesho, usingoje miezi. Nenda naye siku hiyo hiyo. Na tafadhali, dawa za mafua na mzio zisigeuzwe za usingizi. Zinamlaza leo na kumwacha na mang'amung'amu kesho hadi mchana.

Likizo ikikaribia kwisha, mpe kalenda apange mwenyewe. Kama anaamka saa 3 asubuhi na shule inamtaka saa 11 na nusu alfajiri, tofauti ni dakika 210. Kwa dakika 15 kila siku anahitaji siku 14. Aanze na saa ya kuamka, siyo ya kulala, na kila asubuhi atoke nje kwenye jua la asubuhi akae dakika 20 hadi 30 bila miwani ya jua, akifagia uwanja au akinywa chai kibarazani. Jua hilo ndilo linaloirudisha nyuma saa ya mwili, na usingizi wa jioni utalifuata baada ya siku tatu nne.