Nilivyoacha cherehani nikashika usukani wa lori nikiwa na miaka 46

Macho ndiyo yaliyoanza. Kwa miaka 22 nilikuwa fundi cherehani, na kutunga uzi kwenye sindano lilikuwa jambo la kufanya huku nazungumza na mteja. Nilipofika miaka 44, tundu la sindano likaanza kunikimbia. Nikilisogeza karibu linafifia, nikilipeleka mbali mpaka mkono uishe ndipo naliona. Binti yangu wa mwisho akawa ndiye mtunga uzi wangu, na alipomaliza shule akaondoka nyumbani nilibaki nahangaika peke yangu.

Daktari wa macho aliniambia si ugonjwa. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na watu wengi wakishavuka miaka 40 hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Kisha akanisimamisha mbali na ubao wa herufi, nikazisoma mpaka mstari wa chini kabisa. "Mama, kwa mbali unaona vizuri sana," akasema, akaendelea kuandika miwani ya kusomea. Kwake lilikuwa neno la kupita tu. Mimi nililibeba mpaka nyumbani na usiku sikupata usingizi, kwa sababu tangu nikiwa msichana nilitamani kuendesha lori kubwa na sikuwahi kumwambia mtu.

Mume wangu nilipomwambia alinyamaza muda mrefu. Hakusema nimezeeka wala hakusema hiyo si kazi ya mwanamke. Aliuliza kitu kimoja: "Utaweza kulirudisha nyuma?" Sikuwa na jibu.

Nieleze kwanza mambo ya maandalizi, ingawa si marefu. Leseni ya gari dogo nilikuwa nayo. Niliendelea kushona mwaka mzima huku naweka akiba ya kutosha matumizi ya nyumba ya miezi sita, maana mwanafunzi hana mshahara. Na kabla sijalipa ada yoyote nilikwenda kupimwa afya: macho, masikio, sukari, presha. Namsihi kila mtu wa umri wangu aanze na hilo. Presha yangu ilikuwa juu. Ningekuwa nimeshalipa ada ningekaa darasani na wasiwasi. Nilipunguza chumvi, nikaanza kutembea kila jioni, nikafuata alichoniambia daktari, na baada ya miezi minne ikakaa mahali pake.

Mwalimu wetu alikuwa rika la mwanangu wa kwanza. Aliniita mama, mimi nikamwita mwalimu, tukaelewana. Siku ya kwanza nilidhani tutawasha gari. Hatukuwasha. Alituweka chini ya tela tukalala chali, akatuonyesha breki.

Kwenye gari dogo ukikanyaga breki, mguu wako ndio unaosukuma mafuta mpaka kwenye gurudumu. Kwenye lori kinachofanya kazi ni upepo. Kompresa inajaza mitungi, na mshale wa geji unapanda mpaka kwenye baa 8 hivi. Lakini kilichonishika ni hendibreki. Ndani ya ile chemba ya breki kuna springi nene, na springi hiyo wakati wote inataka kubana gurudumu. Upepo ndio unaoizuia isibane. Upepo ukipungua sana, king'ora kinalia na taa inawaka. Ukizidi kupungua, springi inashinda na magurudumu yanajifunga yenyewe. Mwalimu alisema wazo hilo la breki kujikamata upepo ukipotea lilianzia kwenye treni, Mmarekani George Westinghouse alilitengeneza miaka ya 1870 ili behewa likikatika lisiteremke peke yake.

Nililala pale chini nikafikiria. Kumbe lori limeundwa likijua kusimama kwanza, kwenda ni baadaye. Tangu siku hiyo niliacha kuogopa ukubwa wake. Wenzangu wengi walikuwa vijana na waliona kazi hii ni kazi ya kwenda. Mimi nimeiona ni kazi ya kusimama, na karibu kila nililofanikiwa ndani yake limetokana na hapo.

Chukua mteremko. Lori na mzigo wake linaweza kufika tani 40, na mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza huzidi mara nne. Breki ikikanyagwa mfululizo ngoma, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu, inapata moto, inatanuka, inakuwa mbali na viatu vya breki vinavyoibana kwa ndani. Unakanyaga, pedali inakwenda, gari halishiki. Kwa hiyo gia unaichagua ukiwa bado kileleni, kabla hujaanza kushuka. Tulifundishwa kushuka na gia ile ambayo ungeipandia mlima huohuo, na kuiacha injini ibebe sehemu kubwa ya kazi. Siku moja ya mazoezi nilichelewa kushusha gia, nikajikuta naegemea breki. Harufu ilinifikia kabla ya kitu kingine chochote, harufu kali inayokaa kooni. Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia niegeshe mahali pa tambarare, tukakaa nusu saa nzima magurudumu yapoe, hakuna aliyezungumza. Sijachelewa tena.

Sasa kurudi nyuma, lile swali la mume wangu.

Lori lenye tela limeungwa mahali pamoja tu. Chini ya tela kuna pini nene ya chuma, na mgongoni mwa kichwa, ile sehemu ya mbele anapokaa dereva, kuna sahani yenye taya zinazoikamata pini hiyo. Ukienda mbele, tela linafuata. Ukirudi nyuma, tela linakwenda kinyume na unavyogeuza: usukani kulia, mkia kushoto. Ukichelewa kulirekebisha, kichwa na tela vinakunjana kama kisu cha kukunja, na hapo hakuna namna ila kwenda mbele uanze upya. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nikitoka uwanjani shati limelowa mgongoni. Akili ilikuwa inaelewa, mikono haikubali.

Nikarudi kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Nilikata vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja kifupi cha kichwa na kimoja kirefu cha tela, nikavishona pamoja kwa kifungo kimoja ili vizunguke. Nikachora maegesho kwa chaki ya fundi. Kila usiku nilikuwa navisukuma pale mezani taratibu, naangalia mkia unavyokwenda. Usiku wa nne au wa tano nikaona nilichokuwa nakikosa: kazi ni ya hatua mbili. Kwanza unageuza upande usiotaka ili kupata kona kwenye kifungo, halafu unarudisha usukani na kichwa kinaifuata ile kona. Mimi nilikuwa naifanya hatua ya kwanza tu, naendelea nayo mpaka vinakunjana.

Kesho yake mwalimu akaniongezea jambo la mikono. Shika usukani kwa chini, pale ambapo uso wa saa ya ukutani una namba 6. Mkono ukiusukuma kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Ukiusukuma kulia, unakwenda kulia. Huhitaji tena kugeuza mawazo kichwani. Na rekebisha kidogo, mapema. Ukisubiri mpaka tela lote limejaa kwenye kioo kimoja na kwenye kingine halionekani kabisa, umeshachelewa.

Halafu kuna kushuka kuangalia. Vioo havionyeshi kila kitu. Nyuma kabisa ya tela hakuna kioo kinachofika. Dawa yake ni kusimama, kuvuta hendibreki, kushuka na kwenda kuona kwa macho. Vijana darasani waliona haya kushuka, walidhani tutawaona hawajui. Mimi nilishuka mara tatu, mara nne kwa maegesho mamoja. Nilishuka nikiwa nimeutazama mlango wa gari, mikono miwili na mguu mmoja vimeshika wakati wote, sikuruka hata siku moja. Magoti ya miaka 46 unayatunza, yana safari ndefu mbele.

Mtihani wa kwanza nilianguka. Niligusa pipa la kona kwa tairi la nyuma, kwa sababu siku hiyo niliona haya mbele ya mtahini na sikushuka. Niliumia, nililia kwenye basi. Wiki tano baadaye nilirudia, nikashuka mara mbili, nikafaulu.

Kupata kazi ndiko kulikochukua muda. Milango kadhaa ilifungwa, wengine waliangalia mwaka wa kuzaliwa kwenye karatasi wakanirudishia. Kampuni iliyonichukua iliniweka kiti cha pembeni kwanza, pamoja na dereva mmoja mzee aliyeshika usukani zaidi ya miaka 30. Miezi mitatu na yule mzee ilinifaa kuliko darasa. Kila asubuhi alilizunguka lori kwa mwendo uleule, upande uleule, akigusa. Alinifundisha kusoma nati za magurudumu: ukiona mchirizi wa kutu unatoka kwenye nati, hiyo imelegea. Gurudumu likibadilishwa, nati zinakazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu chuma hujikalia. Tukisimama njiani alipeleka mgongo wa mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa. Kilicho moto kuliko wenzake kina neno la kusema, ama breki inakwama ama beringi inakufa. Mimi nimetumia vidole vyangu miaka 22 kujua kitambaa kizuri na kibovu, kwa hiyo somo hilo liliingia haraka.

Na kila tunapounga tela aliniambia: "Mwanangu, usiamini mlio." Taya zinaweza kulia kama zimefunga na pini imekaa juu yake. Unaingia chini na tochi, unaona kwa macho chuma kimeizunguka pini, huku breki za tela zimefungwa unavuta mbele kidogo kwa gia ya chini uone kama limeshika, ndipo unapandisha miguu ya tela. Mpaka leo sijaruka hatua hata moja.

Kampuni ya kwanza niliiacha baada ya mwaka na nusu, na sababu ilikuwa usingizi. Siku hiyo nilifika kupakia alfajiri. Upakiaji ulikwama, wakanimaliza jioni, wakataka niondoke usiku huohuo nifike asubuhi. Nilikuwa nimekaa macho tangu saa 10 alfajiri. Mtu aliyekaa macho saa 17 uwezo wake wa kuendesha unafanana na wa mtu aliyekunywa pombe, hilo limepimwa na watafiti zaidi ya mara moja. Na mwili una saa yake: kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi usingizi unavuta kuliko wakati mwingine wowote, hata kama unajiona mzima. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukisinzia sekunde 4 lori limekwenda karibu mita 90 bila mtu. Niliwaambia sitaondoka mpaka nilale. Msimamizi alipandisha sauti mbele ya wapakiaji, akaniambia kazi ya lori si ya akina mama wa kulala. Maneno hayo yaliniuma na bado yananiuma. Nililala kwenye kibanda cha lori kwa muda wa saa 7, nikaondoka kumekucha, nikafikisha mzigo mzima. Mwezi uliofuata safari zangu zilipunguzwa, nami nikatafuta kwingine.

Ninapofanya kazi sasa nimejiwekea kipimo kilichomo kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya: saa 4 na nusu za kuendesha, kisha mapumziko ya dakika 45. Katika hizo 45 nalala 20, si zaidi, kwa sababu nikizidisha naamka mzito na nahitaji muda mrefu kurudi sawa. Zinazobaki nalizunguka lori kwa miguu. Kukaa muda mrefu nilishakuzoea kwenye cherehani, lakini miguu ikining'inia huvimba, na kutembea ndiko kunakoishusha. Mapazia ya kibanda nimeyashona mwenyewe, kitambaa kizito mara mbili, ndani giza kama usiku hata jua likiwa la mchana. Miwani ya kusomea naivaa kwenye hati za mzigo tu. Barabarani naivua.

Sasa nina miaka 51. Mwezi uliopita mume wangu alikuja kunipokea mahali pa kushushia mzigo, akanikuta nimejipanga kuingia kwenye lango la ghala, malori mawili yamebana pande zote. Hakuja karibu, alisimama ukutani. Nilirudi kidogo, nikasimama, nikashuka, nikaenda nyuma kuangalia nikampita bila kumsalimia. Nikapanda. Nikashuka tena mara ya pili. Kisha nikashika usukani kwa chini, nikaliingiza mpaka nikasikia linagusa mpira wa ukutani kwa ulaini, nikavuta hendibreki, upepo ukatoka kwa kishindo.

Nilipozima injini nilimwona kwenye kioo cha kulia. Alikuwa ameinama pale kwenye nafasi kati ya tela langu na la jirani, amefungua kiganja, anapima.